Betri iliyokufa umeme ukiwepo: kisa cha nyumba moja Nkuhungu

Januari 2025 nilipigiwa simu na binti wa mwalimu mmoja mstaafu anayeishi Nkuhungu, hapa Dodoma. Salamu zilikuwa fupi. "Fundi, ile betri uliyotuletea sasa inakaa nusu saa tu."

Betri hiyo niliifunga kwa mikono yangu Juni 2024, miezi saba nyuma. Siku ile nilimwambia baba yake, mbele ya familia nzima, kwamba watakaa nayo miaka mitatu hadi minne. Kwa hiyo simu ile ilinigusa mimi kabla ya kumgusa muuza betri. Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa ruhusa ya wenye nyumba, kwa sababu naona familia nyingi zinabadilisha betri kama zinavyobadilisha balbu, kila mara zikiamini zimeuziwa bandia, na hela inayopotea humo ni ya ada na ya chakula.

Nyumba ina watu wanne. Mwalimu alifundisha hesabu shule za msingi mpaka akastaafu. Sasa ana shamba la zabibu Mpunguzi na huondoka alfajiri. Mkewe anauza nafaka Soko la Majengo siku anazojisikia nguvu. Binti yao ameajiriwa Mtumba, kwenye mji wa Serikali, mchana, na usiku anafanya kazi ya ziada ya kuandika mazungumzo yaliyorekodiwa, kazi isiyovumilia intaneti kukatika. Mjukuu yuko kidato cha nne.

Umeme wa akiba waliutafuta kwenye mgawo ule wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukaanza kutoa umeme, mmoja kati ya tisa, kila mmoja ukiwa wa megawati 235, na mgawo ukapungua. Watu wengi walidhani habari ya betri imeisha hapo. Lakini umeme kuzalishwa Rufiji ni jambo moja, na kufika Nkuhungu ni jingine. Nguzo ikilazwa na upepo, tawi likigusa waya au transfoma ya mtaa ikipata hitilafu, giza linarudi palepale hata kama bwawa limejaa. Kwa nyumba hii umeme ukikatika ulikuwa unachukua saa mbili hadi nne, hasa jioni za msimu wa mvua.

Betri yao ya kwanza ilikuwa N70 ya gari, waliyoipata kwa bei nafuu gereji. Ilikufa ndani ya miezi michache, nami nikaitwa. Nilieleza kwamba betri ya gari ina mabamba membamba, yametengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache ili injini iwake, kisha alternata ya gari inaijaza tena papo hapo. Ukiitumia kuwasha TV saa tatu mfululizo, kila siku unamomonyoa mabamba yale. Nikapendekeza betri kavu ya mabamba mazito, ile inayotengenezwa kwa kazi ya sola na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani), 12V 100Ah. Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inabeba. Maelezo yale yalikuwa ya kweli. Kosa langu ni kwamba yalinitosha, sikuuliza kingine.

Hesabu niliyowapigia Juni ilikuwa hivi. Betri ya volti 12 yenye 100Ah inabeba wati-saa 1,200. Betri ya namna hii, yenye mabamba ya madini ya risasi, haifai kukaushwa zaidi ya nusu, hivyo tunabaki na 600. Inveta nayo inakula sehemu yake wakati wa kubadilisha umeme, tuseme asilimia 15, inabaki kama 510. Upande wa matumizi: ruta wati 9, laptopu 45, balbu mbili za LED 18, TV ya inchi 32 wati 45, king'amuzi 15. Jumla 132. Gawanya 510 kwa 132, unapata saa tatu na dakika hamsini. Inatosha kabisa kwa jioni moja ya giza.

(Friji nililikataa tangu mwanzo. Inveta yao imeandikwa 1000 kwa herufi kubwa, lakini hizo ni VA; uwezo wake halisi ni wati 600. Kompresa ya friji ikianza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida. Na pasi, ambayo mama aliwahi kuichomeka siku moja, haifai kutajwa kabisa kwenye mfumo huu.)

Sasa miezi saba tu, na saa tatu na dakika hamsini zimekuwa nusu saa.

Wazo langu la kwanza lilikuwa sawa na la familia: betri bandia. Zipo. Unakuta gamba limeandikwa 100Ah na ndani kuna mabamba ya 60. Njia rahisi ya kuitambua ni mizani, kwa sababu risasi ni nzito na haidanganyi: betri ya kweli ya risasi ya 100Ah ina uzito wa kilo 28 hadi 30 au zaidi. Nilipanga niichukue, niipime, kisha niende nayo dukani kudai waranti.

Nilifika saa tano asubuhi, siku ya kazi. Mara zote mbili za nyuma nilikuwa nimeenda jioni, kwa sababu ndipo wenyewe wanapokuwepo. Safari hii alikuwepo mama peke yake. Nikaingia sebuleni, nikainama nyuma ya meza ya TV, na kabla sijashika chochote nikaona taa ya njano ya inveta inawaka. Ile taa inawaka inveta inapotumia betri.

"Mama, umeme umekatika?"

"Upo, baba. Si unasikia mashine ya jirani?"

Kweli, mashine ya kusaga nyumba ya tatu ilikuwa inanguruma mtaa mzima unasikia. Mtaa una umeme, na inveta hii inakula betri. Nikafuata waya wake hadi ukutani. Swichi ya soketi ilikuwa imezimwa.

Juu ya inveta kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, kizuri, kimefunika matundu ya feni. Nilipokiinua, vumbi jekundu la Dodoma lilikuwa limetanda kwenye matundu kama unga. Gamba la betri, lililokaa chini ya dirisha la upande wa magharibi, nililenga kipimajoto kikasoma nyuzi 38. Nikaweka vijiti vya mita kwenye vichwa vya betri: volti 11.6. Betri ya namna hii iliyojaa na kupumzika inasoma 12.7 au zaidi kidogo, ikifika 12.2 imebaki nusu. Kwa mzigo mdogo kama ule uliokuwepo asubuhi ile, 11.6 maana yake ni tupu.

Mzigo gani, sasa, na nyumba haina mtu anayetumia kitu? Nilifuata waya wa pili, ule unaotoka kwenye inveta. Ulipita chini ya mlango hadi chumba cha binti. Kwenye rafu, ruta ilikuwa inapepesa taa zake za kijani.

Hapo nilikaa chini kwenye kochi. Mama aliniletea maji, akauliza kama naumwa.

Nilichokielewa ni hiki. Inveta haijui tofauti kati ya umeme kukatika mtaani na mtu kuzima soketi. Vyote viwili kwake ni giza, na kazi yake giza likija ni kutoa umeme wa betri. Mwalimu alikuwa anazima soketi kila usiku kabla ya kulala, na akitoka alfajiri anaiacha hivyo hivyo, kuokoa uniti za LUKU. Iliwashwa saa kumi na mbili jioni watu wakirudi, ikazimwa saa nne usiku. Saa nne tu za kuchaji kwa siku. Saa ishirini zilizobaki betri ilikuwa inalisha ruta wati 9, na yenyewe inveta kukaa macho ilikuwa inakula wati 15 nyingine. Jumla 24. Mara saa 20, ni wati-saa 480 kila siku ya Mungu, hata siku ambazo umeme haukukatika hata dakika moja.

Dalili zilikuwepo tangu mwanzo. Inveta ilikuwa inalia usiku. Mjukuu akagundua kwamba kitufe cha mbele ukikibonyeza kidogo inanyamaza, basi akawa anainyamazisha ili alale. Karibu na mwisho, siku nyingine ruta ilikuwa inazima alfajiri. Binti akawa analaumu kampuni ya intaneti na alishawahi kupiga simu kulalamika. Kila mtu alikuwa na kipande chake cha habari, na hakuna aliyewahi kuviweka pamoja, mimi nikiwa wa kwanza, maana sikuwahi kuuliza swali dogo: nani anazima nini, saa ngapi?

Tuangalie betri yenyewe ilivyoumia. Ndani ya betri ya risasi, kila unapoitumia, asidi inaungana na risasi na kuacha utando wa chumvi juu ya mabamba. Ukichaji mapema na kuijaza kabisa, utando unayeyuka na kurudi kwenye asidi. Ukiiacha imepungukiwa siku baada ya siku, utando ule unageuka fuwele ngumu ambazo chaja ya kawaida haiwezi kuzirudisha, na sehemu ile ya bamba imekufa. Kwa hiyo betri ya risasi inataka kujazwa mpaka mwisho. Na mwisho wenyewe ndio mgumu. Ni kama kujaza gunia la mahindi: madebe ya kwanza yanamwagika tu, la mwisho linataka kushindiliwa taratibu. Chaja inapeleka asilimia 80 za mwanzo haraka, lakini ile 20 ya mwisho inaweza kuchukua saa nyingi kuliko zile za mwanzo. Saa nne za jioni hazikufika huko hata siku moja. Betri ile iliishi miezi saba bila kushiba.

Joto likaongeza. Kanuni inayotumika kwenye betri hizi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 zinakata maisha yake karibu nusu. Dirisha la magharibi, jua la Oktoba na Novemba la Dodoma, kitambaa juu ya feni ya inveta iliyo pembeni yake: sehemu ile ya sebule ilikuwa jiko.

Niliibeba hadi kwangu. Mizani: kilo 29. Muuzaji hakuwa na kosa, na nashukuru kwamba sikuanza na duka. Niliichaji polepole siku mbili nzima, kisha nikaifunga taa ya mbele ya gari, ya wati 55, inayovuta kama ampea 4.6. Betri nzima ya 100Ah ingeiwasha taa ile zaidi ya saa ishirini. Hii ilifika volti 10.5, pale ambapo kwenye kipimo betri inahesabiwa imekwisha kabisa, baada ya saa sita na dakika ishirini. Zidisha: 29Ah. Zaidi ya theluthi mbili ya betri haikuwepo tena.

Kilichonisumbua baada ya hapo hakikuwa umeme. Ilikuwa namna ya kumwambia mzee wa watu, aliyefundisha nusu ya mtaa kujumlisha na kutoa, kwamba ubanaji matumizi wake ndio ulioua betri. Nilirudi jioni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Umeleta betri nyingine?"

"Bado, Mwalimu. Nimekuja na hesabu, naomba unisaidie kuihakiki."

Akavaa miwani, akamtuma mjukuu alete daftari. Nikamtajia namba tu: wati 24, saa 20. Akaandika 480. Nikamwambia kwamba kila wati-saa iliyotoka kwenye betri ya risasi, kuirudisha unalipia zaidi, kwa sababu chaja inapoteza kwa joto na betri yenyewe inapoteza. Kwa ujumla inarudi kama 70 kwa kila 100 unazolipia. Akagawanya mwenyewe: karibu 685. Halafu nikamuuliza, je, soketi ingeachwa wazi saa zilezile 20, na ruta na inveta zikala umeme wa moja kwa moja, ingekuwa ngapi? Akatazama daftari. "Haizidi hiyo hiyo 480." Akatoa. 205 kwa siku. Akazidisha kwa 30. Uniti moja ni wati-saa 1,000, kwa hiyo si chini ya uniti sita na kidogo kwa mwezi, alizokuwa akilipa zaidi kwa sababu ya kuzima.

Alikaa kimya kidogo. "Kumbe nanunua umeme jioni, halafu naumwaga usiku na mchana."

Nataka msomaji aelewe kwamba Mwalimu hakuwa akizima kwa ubahili. Mteja mdogo wa nyumbani ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi anawekwa kwenye bei ya chini sana kuliko wengine, na ukivuka, bei ya kila uniti inapanda zaidi ya mara mbili. Mwalimu anaishi kwa pensheni na zabibu. Anaandika namba za mita kila Jumapili na mwezi ule alikuwa kwenye 73. Mtu aliye pembeni ya mstari namna ile anazima kila kinachozimika, na kwa TV, king'amuzi na chaja ya simu yuko sahihi. Kifaa kimoja tu ndani ya nyumba ndicho kinachogeuza kuzima kuwa matumizi, na hakuna mtu aliyemwambia. Nilimfungia inveta bila kumweleza inavyofikiri.

Nini kifanyike? Tulizungumzia betri ya litiamu, ile ya fosfeti ya chuma. Kwa nyumba kama hii ina sifa moja kubwa kuliko zote: haidhuriki kwa kukaa nusu. Inaweza kutumika hadi asilimia 80 au 90 bila kuumia na inachajiwa na kutumika maelfu ya mara. Lakini bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya bajeti yao, inveta yao haina mpangilio wa chaji ya litiamu, na mwaka ulikuwa wa mtihani wa mjukuu. Tukaiweka kando.

Badala ya kutafuta betri kubwa zaidi, tulipunguza kazi ya betri. Tukaanza na ruta. Ruta yao inatumia volti 12. Kuchukua umeme wa betri wa volti 12, kuupandisha hadi 230, kisha adapta ikaushusha tena hadi 12, ni kuzunguka mlima kufika ulipoanzia, na kila kona unaacha kitu. Tuliinunulia UPS ndogo ya volti 12, kiboksi cha ukubwa wa kitabu kidogo, chenye betri yake ya litiamu ndani. Kimeandikwa 10,000mAh, namba inayowachanganya wengi, kwa sababu imepimwa kwa volti 3.7 za seli za ndani: ni wati-saa 37. Ukitoa upotevu, ruta ya wati 9 inakaa saa tatu na nusu. Kinakaa chumbani kwa binti, kwenye soketi yake, na laptopu ina betri yake yenyewe.

Inveta ikabaki na balbu mbili, TV na king'amuzi: wati 78. Betri ya 65Ah inatoa, kwa hesabu ileile ya nusu na asilimia 15, wati-saa 331. Saa nne. Kwa hiyo betri mpya ikawa ndogo kuliko iliyokufa, na nafuu pia. Tukaihamishia ukuta wa mashariki, sakafuni, kitambaa cha kufuma kikarudi kwenye kochi. Plagi ya inveta nikaiweka kwenye soketi isiyo na swichi. Mwalimu aliitazama, akaniuliza kama namwekea kufuli nyumbani kwake. Nikamwambia hapana, Mwalimu, hata mimi kwangu nimeweka hivyo. Na ni kweli, niliweka wiki ileile.

Jambo moja karibu lipite. Betri zote mbili zilizokufa, N70 na ile ya 100Ah, familia ilitaka zikae stoo, pembeni ya magunia ya mahindi. Niliomba nizitoe siku ileile. Risasi ni sumu kwa watoto hasa, na N70 ile ya maji ilikuwa na asidi inayovuja kwenye kifuniko. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanazitaka, lakini wengine wanamwaga asidi korongoni kwanza ili kupunguza uzito wa kubeba, na makorongo yetu mvua ikinyesha yanapeleka maji kwenye visima. Nilizipeleka nzima, bila kufunguliwa, kwa mtu anayezikusanya kwa ajili ya kiwanda, na nilisimama pale mpaka zikapakiwa.

Oktoba 2025 nilipita tena na taa yangu ya gari. Mwalimu alishanieleza kwa simu kwamba mita sasa inasoma kati ya uniti 65 na 67 kwa mwezi, na kwamba umeme ulikatika mara mbili wiki ile na walitazama taarifa ya habari mpaka mwisho. Nilitaka namba ya betri. Tuliitoa alfajiri ikiwa imejaa, tukaifunga taa, na yeye hakwenda shamba siku ile. Alikaa na daftari kibarazani, akiandika volti kila saa. Saa kumi na mbili na dakika hamsini baadaye, giza likiwa limeshaingia, ilifika 10.5. Akazidisha kwa 4.6.

"Hamsini na tisa," akasema. "Kati ya sitini na tano."

Akaipigia namba ile mstari chini, akaandika tarehe, na kwenye ukurasa unaofuata akachora jedwali la mwakani.